Jina Moja, Watu Wengi

Mtu akianza kuuliza habari za babu zake ni shida kuacha. Huanza kwa swali dogo, pengine baada ya chakula cha jioni, akitaka tu kujua babu yake alizaliwa wapi. Akijibiwa, jibu lile humzalia maswali mawili, na hayo mawili huzaa manne. Hesabu yenyewe yaonyesha sababu. Kila mtu ana wazazi 2, babu na nyanya 4, na wazazi wa hao 8. Akipanda namna hiyo hata kizazi cha 10, atakuta kwamba nafasi za wahenga wake katika kizazi hicho peke yake ni 1,024. Hakuna mtu awezaye kuzijaza zote. Kwa hiyo kazi hii haina mwisho, na kila aliyeionja anaujua utamu wake. Ni kama kusikiliza hadithi ambayo msimulizi huikata kila usiku mahali panapopendeza, tena hadithi ambayo msikilizaji mwenyewe yumo ndani yake.

Katika nchi yetu utamu huo una pingamizi moja kubwa, nalo ni majina. Ita "Mwangi!" katika uwanja wa shule mjini Murang'a, na vichwa vingi vitageuka. Ita "Otieno!" huko Siaya, "Wafula!" huko Bungoma, "Kiprono!" huko Kericho, au "Juma!" huko Mombasa, na mambo yatakuwa yale yale. Mtafutaji anayejua jina la babu yake tu, bila neno jingine, ni kama mtu aliyetumwa sokoni kumtafuta mwanamke aliyevaa leso. Insha hii yataka kueleza kwa nini majina yetu hujirudia, jinsi mtafutaji awezavyo kumpata mtu mmoja kati ya wengi, na faida iliyomo katika taabu hiyo.

Tuanze na Wakikuyu, maana kwao kujirudia kwa majina ni sheria. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Wanaofuata huchukua majina ya ndugu za wazazi wao. Tuseme, basi, kwamba mzee aitwaye Mwangi wa Kamau alikuwa na wana 4 na binti 3, na wote saba wakapata watoto wa kiume wa kutosha. Kila mwana atamwita mtoto wake wa kwanza Mwangi, na kila binti atamwita mtoto wake wa pili Mwangi. Mzee huyo mmoja atakuwa na wajukuu 7 wenye jina lake. Tena, ukifuata mstari wa wana wa kwanza, utasikia Mwangi wa Kamau wa Mwangi wa Kamau, mpaka usijue kama unapanda au unazunguka. Mgeni aweza kuona kwamba hayo ni machafuko. Lakini mwenye desturi hiyo haoni machafuko, maana kwake babu aliyeondoka amerudi nyumbani, na jina lake laitwa tena uani.

Majina ya wanawake nayo yana habari yake. Wambui, Wanjiru, Wangari, Wanjiku na wenzao ni majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, ambao kwa masimulizi ya wazee ndio chanzo cha koo za Wakikuyu. Mtu angedhani kwamba kila Wambui ni wa ukoo wa Ambui. Sivyo hata kidogo, kwa kuwa Wambui wa leo alipata jina kwa nyanya yake, na ukoo aliupata kwa baba yake. Hapa mtafutaji asiye mwangalifu hupotea katika hatua ya kwanza kabisa.

Makabila mengine yana njia nyingine, nayo huishia pale pale. Kwa Wajaluo wakati wa kuzaliwa ndio unaotoa jina. Otieno alizaliwa usiku, Ochieng' jua likiwaka, Odhiambo jioni, na Okoth wakati wa mvua. Dada zao ni Atieno, Achieng', Adhiambo na Akoth. Kwa Wabukusu, Wafula ni mtoto wa majira ya mvua, Nekesa ni binti wa wakati wa mavuno, na Wanjala alizaliwa siku za njaa. Kwa Wakalenjin, Kiprono alizaliwa jioni mbuzi na kondoo waliporudi zizini, na Kipkoech alizaliwa kulipopambazuka. Jua huchwa kila siku na mvua hunyesha kila mwaka, kwa hiyo hapatakuwa kamwe na uhaba wa akina Odhiambo wala wa akina Wafula. Huku pwani Juma na Hamisi huchukuliwa katika siku za wiki, na Muhammad, Ali na Hassan katika dini, na majina hayo yamejaa toka Vanga mpaka Kiunga.

Je, wazee wetu walitambuanaje? Walitumia neno moja dogo la kuunganisha. Mswahili alisema "bin" au "binti", Mkikuyu "wa", Mjaluo "wuod", Mkalenjin "arap". Otieno walikuwa wengi, lakini Otieno mwana wa Okoth walikuwa wachache, na Otieno mwana wa Okoth wa kijiji fulani pengine alikuwa mmoja. Wasomali wa kaskazini mwa nchi yetu waliifikisha desturi hii mbali zaidi, maana mtoto hufundishwa tangu utotoni kuhesabu baba zake mmoja mmoja, jina juu ya jina, mpaka afike kwa mwanzilishi wa ukoo. Na kwa kuwa Muhammad na Abdi ni wengi mno kati yao, karibu kila mtu hupewa pia jina la utani, ambalo mara nyingine hufahamika kuliko jina lenyewe.

Mambo yalibadilika yalipokuja madaftari. Mwalimu wa shule ya misheni, kasisi na karani wa serikali walitaka kila mtu awe na jina la kwanza na jina la mwisho, kama ilivyokuwa kwao. Jina la ubatizo likawekwa mbele, jina la baba likawekwa nyuma, na lile neno dogo la kuunganisha likafutwa. Sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, mwaka 1919 na 1920, iliwalazimisha kuchukua kipande chenye jina na alama za vidole. Aliyeandika jina aliliandika kama alivyolisikia, kwa hiyo Ng'ang'a akawa Nganga. Mtafutaji wa leo hana budi kukumbuka kwamba daftari ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi aliyesikia mambo kwa sikio la mgeni.

Tusidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Katika nchi ya Wales mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati yake likawekwa neno "ap", yaani "mwana wa", linalofanana na "arap" ya Wakalenjin kwa bahati tu. Wales ilipotiwa chini ya sheria za Uingereza kwa sheria za 1536 na 1543, desturi ya Kiingereza ya jina la ukoo lisilobadilika ilizidi kuenea. Walakini majina ya kwanza yaliyotumika yalikuwa machache. Ukoo wa John ukawa Jones, wa David ukawa Davies, na ap Rhys akawa Price. Akina Jones wakawa wengi hata majirani wakazoea kuwatambua kwa kazi zao, huyu mwoka mikate na yule mfua chuma. Wazao wao wanaotafuta wahenga leo wana shida ile ile ya mjukuu wa Mwangi.

Basi mtafutaji afanyeje? Kwanza, asilitafute jina, bali alitafute jina pamoja na mashahidi wake. Mashahidi hao ni wanne: mahali, ukoo, rika na majirani. Akina Kamau wa Mwangi waweza kuwa mamia, lakini Kamau wa Mwangi wa mtaa fulani, wa ukoo fulani, aliyetahiriwa pamoja na rika fulani, na ambaye shamba lake lilipakana na la mzee fulani, huyo ni mtu mmoja tu. Shahidi mmoja akikosekana, mtafutaji angoje. Wawili wakikosekana, asiseme neno.

Rika ni shahidi mkubwa kuliko watu wadhanivyo. Wakikuyu waliyaita marika ya watahiriwa kwa majina ya mambo yaliyotukia wakati ule, kama vile ugonjwa au njaa, na kwa hiyo jina la rika ni tarehe iliyovaa nguo nyingine. Kwa Wakalenjin majina ya marika, kama vile Maina, Chumo na Sawe, huzunguka na kurudi baada ya karne moja hivi, na hapo mtafutaji lazima aulize kama ni Maina wa sasa au wa mzunguko uliopita. Njaa kuu ya 1898 na 1899 Wakamba waliiita Ngomanisye, na Wakikuyu wakaiita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi 1899 na ziwani 1901. Bibi mzee asiyejua kusoma akisema kwamba mama yake alizaliwa wakati wa Ngomanisye, amekupa mwaka ulio wa kweli kuliko ule uliokisiwa na karani miaka 30 baadaye.

Mfano mmoja mashuhuri utatuonyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana. Mtoto mmoja alizaliwa katika nchi ya Wakikuyu katika miaka ya 1890, na hakuna aliyeiandika siku yake ya kuzaliwa. Aliitwa Kamau. Baba yake alikuwa Muigai, na Muigai alipofariki, mtoto akalelewa na baba yake mdogo, Ngengi. Kwa hiyo wengine walimjua kwa jina la Kamau wa Muigai na wengine Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa na wamisheni wa Kiskoti mwaka 1914 akawa Johnstone Kamau. Baadaye akajiita Kenyatta, na kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu kilipotoka mwaka 1938 kilikuwa na jina la Jomo Kenyatta. Mtu akifungua daftari la ubatizo la 1914 na kutafuta jina la rais wa kwanza wa Kenya, hatalipata. Atakuta Kamau, jina la maelfu. Ni wale mashahidi wengine tu, yaani wazazi, mahali na rika, wanaomwonyesha kwamba Kamau huyu ndiye yule.

Mpaka hapa nimesema habari za watu ambao uzi wa ukoo wao umetatizika. Sasa yafaa niseme habari za wale ambao uzi wao ulikatwa. Mabwana wa watumwa hawakujali watumwa wao waliitwaje kwao. Waliwapa majina waliyoyapenda wenyewe: Baraka, Feruzi, Mabruki, Juma. Katika misafara ya karne ya 19 akina Mabruki walikuwa wengi, hata mmoja aliyemtumikia Mwingereza John Hanning Speke akaitwa Mabruki Speke, ili atambulikane. Mahali ambapo desturi ingeweka jina la baba, waliweka jina la tajiri wake.

Mwaka 1875 chama cha wamisheni wa Kiingereza kilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watumwa walioachwa huru. Kengele yake imelipa jina lake eneo la Kengeleni, ambalo kila msafiri wa Nyali analijua. Katika watu wa kwanza walioifanya kazi ya misheni huku pwani walikuwamo Waafrika waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa huko Nasik, wakarudi wakiwa na majina ya Kiingereza. Mmoja wao alikuwa William Jones, aliyefika mwaka 1864. Alikuwa katika safari ya Askofu James Hannington, ambaye aliuawa Busoga mwaka 1885, na ni Jones aliyewaongoza waliosalia wakarudi salama Rabai mwaka 1886. Mwingine alikuwa Matthew Wellington, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa David Livingstone mpaka pwani, naye alifariki Mombasa mwaka 1935.

Hebu tufikiri. Mjukuu wa mtu kama William Jones akilifuata jina lake, litampeleka Wales, na Wales hana babu hata mmoja. Jina hilo, ambalo ni la kawaida mno kwa Mwelsh na geni mno kwa Mwafrika, limefunga mlango badala ya kuufungua. Kwa Wellington tuna bahati, maana imehifadhiwa habari kwamba alikuwa Myao, na kwamba jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe. Neno hilo moja lina thamani kuliko kurasa nyingi za daftari, kwa sababu linaonyesha upande wa kwenda. Wengi wa wenzake hawakuacha hata neno hilo.

Watu hutumia methali isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Ni methali nzuri, lakini yafaa itumiwe kwa uangalifu mbele ya watu wa Frere Town na Rabai. Wao hawakuacha asili, walinyang'anywa. James Juma Mbotela, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, alilijua jambo hili, akaandika kitabu kiitwacho *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka 1934, ili habari za watu wake zisipotee pamoja na wazee waliozishuhudia. Alifanya hivyo wakati ambapo wengi waliona haya kusema kwamba babu zao walikuwa watumwa. Kama angengoja aibu iishe, wasimulizi wangekwisha kufa.

Aibu hiyo yatufikisha kwenye hatari ya kazi hii. Shauku ya mtafutaji ni kubwa, na jina la kawaida humwekea vishawishi mbele yake. Kati ya akina Mwangi 20 aliowakuta, mmoja alikuwa shujaa na mmoja alikuwa mwizi wa ng'ombe, na moyo hukimbilia kwa shujaa. Hapo ndipo mtafutaji anapogeuka mtungaji. Tena si mchezo tu, kwani katika Kenya habari za ukoo zaweza kuamua nani amrithi nani, nani mwenye haki katika shamba, na kijana gani asimwoe binti gani kwa kuwa ni ndugu. Babu wa kubuni aweza kumnyang'anya mtu wa kweli shamba lake.

Kishawishi cha pili ni kufuata upande mmoja tu. Majina yetu mengi hufuata baba, na mama hupotea kimya kimya. Mfano mzuri umetoka pwani. Koo nyingi za Waswahili zimesimulia tangu zamani kwamba baba zao walitoka Shirazi, katika Uajemi, na kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama hayo ni kweli au ni majivuno. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuchunguza mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Iligunduliwa kwamba wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na damu ya Asia, hasa ya wanaume wa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Iligunduliwa pia kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, nayo ilitoka hasa kwa akina mama. Kwa hiyo masimulizi ya baba yalikuwa na ukweli ndani yake. Waliosahauliwa ni mabibi, ambao watoto wao walisema lugha yao hata leo, nayo ndiyo lugha ya insha hii.

Naona sasa faida ya taabu yote imekuwa dhahiri. Mtu mwenye jina la pekee huenda moja kwa moja kwa babu yake, akaridhika, akaishia hapo. Lakini mwenye jina la kawaida, kabla ya kumpata Kamau wake, amewapitia akina Kamau wengine wengi. Amejifunza nani alihama wakati wa njaa, nani alijenga reli, nani alikwenda vitani na kikosi cha King's African Rifles asirudi. Alikwenda kuwatafuta watu wake, akarudi akiwajua majirani. Hiyo ndiyo historia, na kwa njia hiyo jina la watu wengi ni mwalimu mwema kuliko jina la mtu mmoja.

Vijana wanaosoma ukurasa huu wana jambo moja ambalo watoto wao hawatakuwa nalo, nalo ni wazee walio hai leo. Nyaraka Kuu za Taifa mjini Nairobi, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, zitakuwapo mwaka ujao, na daftari la kanisa litangoja. Mzee hangoji. Likizo ijayo chukua kalamu na daftari, ukae karibu na nyanya yako, umwamkie kwa adabu, kisha umwulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na mahali walipochota maji. Andika kama asemavyo yeye, si kama upendavyo wewe. Chini ya maneno yake andika jina lake kamili na siku ya mazungumzo, ili mjukuu wako atakapokutana na akina Wambui mia, ajue ni Wambui yupi aliyesema.